Nilidhani Ni Gari Zuri

Ijumaa, saa nne asubuhi. Msambweni.

Manyunyu hayajakatika tangu tulipotoka nyumbani. Nimeegesha kando ya ukuta wa hospitali, vioo vimejaa ukungu wa pumzi yangu mwenyewe, na nimejitanda leso ya Mama mabegani. Ni kipupwe. Watu wa bara wakituona tumejikunyata namna hii hutucheka, lakini ngozi ya Pwani haijui kujitetea.

Mama yuko ndani, kwenye mashine ya kusafisha damu. Atatoka adhuhuri. Nina saa mbili za kukaa humu garini na simu yangu, na sijaandika katika shajara hii tangu Ramadhani.

Nimechanganyikiwa. Naliandika hilo mwanzo kabisa, nisije nikafika katikati nikajifanya mtu anayejua anachosimulia.

Kisa chenyewe ni gari. Pikapu nyeupe ya dizeli, dabo kebini, nzee, ambayo asubuhi haitaki kuwaka. Wiki tatu nzima nimeitafutia ugonjwa. Leo alfajiri ugonjwa umepatikana, gari limewaka, Mama amefika kwenye kiti chake kwa wakati. Ningepaswa kuwa na furaha. Badala yake nimekaa hapa nikiutazama usukani kana kwamba umenitukana.

Nirudi nyuma kidogo.

Figo za Mama zilichoka kabisa mwezi uliopita. Daktari akasema asafishwe damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi. Ukichelewa, kiti chako anapewa mwingine, nawe unasubiri mpaka kipatikane. Sisi tunakaa Kwale, juu mlimani, nyuma kidogo ya mji. Kutoka pale mpaka Msambweni ni safari ya saa moja na nusu kwa mtu mzima wa afya. Kwa Mama, ambaye miguu imevimba na hawezi kuketi akibanwa, bila gari ni mateso.

Gari tulilipata kwa Hamisi.

Hamisi alikuwa mume wangu kwa miaka tisa. Tuliachana mwaka jana. Yeye ni fundi wa kuezeka makuti, na sasa amepata kazi ya kudumu kwenye hoteli ya kisiwani Chale, mahali ambapo pikapu haina kazi. Aliposikia habari za Mama, akaileta. Alikuja mchana wa Jumapili, akapiga hodi mlangoni kwetu, akampa Mama ufunguo mkononi mwake.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilimsikia akimwambia Mama, "Mwite Mwanasha, nina neno la kumwambia kuhusu gari." Mama akaja mlangoni mwa jikoni akanitazama. Nikatikisa kichwa. Nikashika kisu nikaendelea kukata vitunguu ambavyo vilikuwa vimekwisha kukatwa. Mama akarudi akasema, "Yuwaoga." Hamisi akaaga akaenda zake.

Nimeandika hilo na nimeliacha. Sikulifuta.

Jumanne ya kwanza niliamka na kujisifu. Mama amevaa buibui lake, mfuko wake wa blanketi na tasbihi uko mapajani, mkanda amefunga. Nikageuza ufunguo. Stata ikazunguka vizuri tu, kwa nguvu, lakini injini haikushika. Nikarudia. Nikarudia tena. Ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye migomba ya jirani. Nilizungusha, nikapumzisha, nikazungusha, mpaka baada ya nusu saa nzima injini ikakohoa, ikatikisika, ikashika.

Tukachelewa. Mama akapata kiti saa nane mchana, tukarudi nyumbani taa za Kombani zimekwisha kuwashwa.

"Si neno," aliniambia. Alikuwa mweupe midomoni.

Pale Kombani kuna fundi kijana mmoja, mtu wa Murang'a, wanamwita Brayo. Nikampelekea gari siku ya pili, mchana, jua limetoka. Likawaka mara moja, kama limemwona daktari. Brayo akaliwasha na kulizima mara tano, kila mara linawaka.

"Madam, hii gari iko poa. Ni betri imechoka kiasi, na huko kwenu juu kuna baridi."

Baridi. Hili neno limenitesa wiki tatu. Mimi ni mtunza maabara katika shule ya sekondari. Kazi yangu ni chupa, mizani, na kuwaambia watoto wasinuse kila kitu wanachokiona. Nikachukua kipimajoto cha shule nikakitundika kwenye dirisha la chumbani. Alfajiri ya Kwale ilisoma nyuzi kumi na tisa. Nyuzi kumi na tisa! Kuna nchi watu wanawasha dizeli kwenye theluji. Hata hivyo betri nikabadilisha, kwa sababu sikuwa na neno jingine la kumjibu Brayo.

Ijumaa ile gari liliwaka. Lilitikisika vibaya, likatoa moshi mweupe mzito uliofunika ua mzima, lakini likawaka. Nikasema alhamdulillahi, ni betri.

Jumanne ikafuata, likakataa. Safari hii hata moshi halikutoa. Stata inazunguka, mimi najitazama kwenye kioo, Mama anahesabu tasbihi, bomba la moshi liko kimya. Liliposhika tulikuwa tumekwisha chelewa tena.

Ndipo nikaanza daftari. Nilijiambia, Mwanasha, wewe si mtu wa kubahatisha, andika. Nikaandika siku, nyuzi za joto, gari limelala wapi na limeelekea wapi, moshi upo au haupo, na limechukua muda gani kushika. Siku zilizopita nilizijaza kwa kukumbuka. Na kila alfajiri, hata siku zisizo za hospitali, niliamka nikaliwasha ili nipate kitu cha kuandika.

Majirani walidhani nimeanza biashara.

Nilipomwonyesha Brayo, alilitazama daftari kwa heshima, akakuna kidevu. "Moshi mweupe, hiyo ni dizeli inafika lakini haichomeki. Madam, hizi ni hita plagi. Zimeisha." Akanieleza, na kwa kweli alieleza vizuri: dizeli haina cheche kama petroli, inashika kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini ikiwa imelala baridi usiku kucha inahitaji vile vijiti vya kuipasha moto kwanza. Akavitoa vyote vinne. Viwili vilikuwa vimekufa kabisa, kimoja kimeliwa ncha. Nikaviona kwa macho yangu. Akafunga vipya. Akaniambia pia nisiingie uani kwa mbele, niingie kinyumenyume, pua ya gari ielekee barabarani, ili likinigomea nisukumwe kwenye mteremko.

Ijumaa likawaka kwa mguso mmoja. Halikutikisika, halikutoa moshi. Mama akasema, "Tazama, hata injini yapenda kupashwa mwili moto."

Hapo ndipo kosa langu la kitaalamu lilipo, na naliandika kwa aibu. Nilikuwa nimebadilisha vitu viwili kwa siku moja. Hita plagi mpya, na namna ya kuegesha. Mwanafunzi wa kidato cha pili akinifanyia hivyo namrudisha akaanze upya. Lakini mimi nilikuwa na furaha, na furaha haiandiki vizuri daftarini.

Jumatatu magharibi jirani alikuwa ameshushiwa kokoto mdomoni mwa ua, sikuweza kugeuza, nikaingia kwa mbele. Pua ikatazama nyumba, juu mlimani. Sikulifikiria.

Jumanne hii iliyopita, gari lilikufa. Sina neno jingine. Nilizungusha mpaka betri mpya ikaanza kuvuta sauti kama mtu anayelala. Moshi haupo. Hita plagi mpya, betri mpya, nyuzi ishirini kamili, na gari limelala kama jiwe. Nilishuka nikafungua boneti nikatazama zile waya na mipira nisijue hata nimtazame nani usoni. Nililia kidogo, nimeipa nyumba mgongo Mama asione.

Mama aliona.

"Rudisha mfuko ndani, mwanangu," alisema. "Leo hatwendi."

Jumatano mchana alianza kuhema. Hawezi kulala chali, hawezi kumaliza sentensi. Teksi niliyoipata ilikuwa ndogo, alikaa mbele amejikunja, na kila tulipopita tuta alinishika mkono kwa nyuma. Manesi wakampokea kabla sijafungua mdomo, wakampa kiti cha dharura. Mmoja wao, dada mpole wa Lunga Lunga, akaniita pembeni akaniambia maji yalikuwa yamekwisha kuanza kuingia kifuani. Akasema, "Asikose tena, dada. Asikose hata mara moja."

Tuliporudi nyumbani nikamchukia Brayo, nikalichukia gari, nikamchukia Hamisi kwa kutuletea jeneza lenye magurudumu. Nilisema hivyo kwa sauti. Mama alikuwa amelala, au nilidhani amelala.

Leo alfajiri, nimemaliza kuswali, nasikia pikipiki mlangoni.

Ni Hamisi. Mama alikuwa amempigia simu jana bila kuniambia. Alitoka Chale kwa mashua ya wafanyakazi, akalala kwa dada yake Bongwe, na asubuhi akachukua bodaboda akapanda mlima na manyunyu. Koti limelowa. Mkononi ana mfuko wa plastiki.

Sikuwa na vitunguu vya kukata.

"Shikamoo Mama," alianza, maana Mama alikuwa amekwisha toka na mkongojo wake. Kisha akanigeukia mimi. "Habari za asubuhi, Mwanasha."

"Njema."

"Naambiwa gari lakusumbua."

"Halinisumbui. Limekufa."

Alikwenda akafungua boneti, akainama, akaweka kiganja chake juu ya kitu kimoja kidogo cheusi, mviringo, kilicho juu ya filta ya dizeli. Mimi nimekitazama kile kitu wiki tatu. Nilidhani ni kifuniko.

Akakibonyeza. Kikazama bila ukinzani wowote, kama papai bovu.

"Pampu hukuipiga?"

"Pampu gani?"

Akanitazama. Nilimwona anakumbuka ile Jumapili, mlango, na kule kuoga kwangu.

"Hii," alisema taratibu. "Asubuhi dizeli inakuwa imerudi kwenye tangi. Mahali fulani panaingiza hewa. Unabonyeza hapa mpaka pawe pagumu, ndipo unawasha."

Akabonyeza. Nilihesabu bila kukusudia, mara kumi na nane. Kila alipobonyeza pakawa pagumu zaidi, mpaka kidole gumba kikagoma. "Washa," akasema.

Niligeuza ufunguo. Likawaka kabla sijamaliza kugeuza.

Mama alipiga vigelegele kidogo, kwa pumzi aliyo nayo. Mimi nilikaa na mkono kwenye ufunguo. Nilipaswa kusema ahsante. Nilichosema ni, "Umejuaje?"

"Nimeipiga miaka minne."

"Miaka minne ipi?"

"Tulipokuwa Bongwe. Kila asubuhi, kabla hujatoka."

Niandike polepole hapa.

Tulipokuwa Bongwe, mimi ndiye niliyekuwa nikilichukua gari asubuhi. Nilikwenda nalo shuleni, yeye akalifuata saa nne akapakia makuti. Miaka yote ile nilitoka na mkoba wangu na chai yangu ya kikombe cha mfuniko, nikaketi, nikageuza ufunguo, likawaka. Sikuwahi kukosa. Walimu wa shuleni wakilalamika na magari yao mimi nilisema langu halijui kuharibika. Nilidhani ni gari zuri.

Naye alikuwa akirudi kutoka msikitini, anafungua boneti, anabonyeza, anafunga, anaingia ndani, ananikuta navaa viatu. Ananiambia, "Gari lipo tayari." Nilidhani ni maneno tu. Kama mtu anavyosema kumekucha.

Na neno nililomwambia siku ya mwisho, mbele ya kaka zangu na mbele ya kadhi, ni kwamba katika nyumba ile hakuwahi kunifanyia lolote.

Nilimuuliza. Injini inanguruma, Mama anaingia polepole kiti cha nyuma, na mimi namuuliza mtu swali la miaka minne kupitia dirisha la gari.

"Mbona hukuniambia?"

Alishangaa kwa dhati. "Gari lilikuwa likiwaka, Mwanasha. Ningekuambia nini?"

Alitaka tuzime kwanza abadilishe mpira. Kwenye ule mfuko wa plastiki alikuwa na kipande cha mpira wa kupitishia dizeli na vibano viwili. Nikamwambia hatuzimi, Mama atachelewa. Akasema basi atakuja nasi, aufunge kule kule. Akaingia nyuma na Mama. Nilipokuwa nateremka kuelekea Kombani nilimwona kwenye kioo, Mama amelaza kichwa begani mwake, anamwita mwanangu kama kawaida, kana kwamba kadhi hakuandika kitu.

Hapa Msambweni, Mama alipokwisha lazwa kwenye kiti chake, Hamisi alizima gari akanionyesha. Aliligeuza kwanza, akaliegesha pua ikielekea chini kwenye mteremko wa lango. "Subiri," akasema. Tukasubiri, kila mtu anatazama injini. Baada ya muda chini ya mpira mmoja, pale unapoingia kwenye filta, likajikusanya tone la dizeli. Likaanguka. Likaanza jingine.

Nilielewa mara moja, na kuelewa kukanitia uchungu zaidi. Likielekea chini, tangi liko juu ya injini, dizeli hairudi, na inavuja nje kidogo. Likielekea juu, dizeli inarudi nyuma na hewa inaingia pale pale penye ufa. Nilikwenda nikalileta daftari langu. Nikamsomea. Kila siku lilipokataa bila moshi, pua ilikuwa juu. Siku ya moshi mweupe, ambayo kwa bahati nilikuwa nimeingia kinyumenyume, na siku lilipowaka vizuri, pua ilikuwa chini. Yote yalikuwa yameandikwa kwa mkono wangu, kwa kalamu ya bluu, na sikuyaona.

Alilichukua akasoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kwa kidole.

"Basi ni magonjwa mawili," akasema. "Huu mpira, na zile hita plagi. Huyo kijana wa Kombani hakukosea. Mimi ningekuja na mpira wangu nikajiona bingwa, na lingekusumbua bado."

Kisha akaurudia ukurasa wa kwanza. "Waandika vizuri," akasema.

Akabadilisha ule mpira. Nilitazama saa. Dakika kumi na mbili.

Na hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika kabisa. Dakika kumi na mbili! Kazi ya dakika kumi na mbili, na mtu ameona heri apige pampu kila asubuhi miaka minne. Nilimwambia. Nilimwambia kwa ukali kuliko nilivyokusudia, mpaka mlinzi wa lango akageuka.

Alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu. "Ulikuwa mpya ule wa kwanza, ukapasuka. Nikaweka mwingine, ukapasuka. Nikasema nitatafuta ulio mzuri. Halafu nikazoea."

"Ukazoea."

"Naam."

Ilipokaribia saa nne akasema anakwenda kumsalimu ami yake, kisha atapitiliza msikitini kwa Ijumaa, tukionana baada ya sala atashukuru tukimbeba mpaka njia ya Chale. Nami nikabaki humu garini.

Sasa nisaidie, wewe usiye mtu, ninayekuandikia. Nimfikirieje?

Kuna wakati, dakika hizi, namwona ni mwanamume aliyeamka mbele yangu kila siku ili mimi nisijue kwamba maisha yana hitilafu. Moyo unalainika mpaka naogopa. Halafu namwona ni yule yule niliyemkimbia. Mtu anayekuta ufa na badala ya kusema "mke wangu, hapa pana ufa, tufanyeje," anaubonyeza kwa kidole asubuhi, anafunga boneti, anaingia ndani, ananyamaza. Na hatukuachana kwa jambo jingine. Hakunipiga, hakuoa mke wa pili, hakulala nje. Tulinyamaza tu mpaka siku moja nikageuza ufunguo na hapakuwa na kitu.

Yote mawili ni kweli? Inawezekanaje yawe kweli kwa mtu mmoja na kiganja kimoja?

Na mimi? Miaka minne sikuwahi kufungua boneti. Sikuwahi kuuliza mbona mikono yako inanuka dizeli saa kumi na mbili asubuhi. Nilifua makanzu yake, nikaiona ile harufu, nikalalamika sabuni haitoshi.

Nesi ananipungia mkono mlangoni. Mama amemaliza.

Saa kumi na moja jioni. Nyumbani.

Naendelea kwa sababu siku haikuishia pale.

Tulimsubiri Hamisi watu walipotoka sala ya Ijumaa. Alikuja anatembea haraka, kofia mkononi, na mfuko wa ndizi mbivu ambazo Mama haruhusiwi kula. Akafika kwenye mlango wa dereva, akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Si kwa ubaya. Tulipokuwa pamoja safari ndefu aliendesha yeye.

Nikamwambia, "Nitaendesha mimi. Kaa mbele hapa."

Akazunguka akakaa. Mama nyuma alikwisha kunyoosha miguu na kuanza kusinzia. Akitoka kwenye mashine huwa kama nguo iliyokamuliwa.

Nikaliwasha. Likawaka lenyewe, bila pampu. Tulikwenda kilomita nzima hakuna aliyesema kitu, waipa za kioo zinakwenda na kurudi, na nikahisi ile hali ya Bongwe imeingia garini ikakaa katikati yetu kama abiria. Nikaona nikiiacha itafika na sisi mpaka mwisho.

"Haya, sema," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Gari hili lina nini jingine? Nataka kujua yote. Usiniachie hata moja."

Alicheka kidogo, akanitazama kuona kama namtania. Hakuona utani. Akakohoa.

Akaanza. Akasema geji ya dizeli ni mwongo, ikisoma robo ujue ni mwisho. Akasema breki ya mkono haishiki kwenye mlima, kwa hiyo Kwale niweke jiwe chini ya tairi. Akasema gia ya tatu inataka kungojewa, nisiisukume. Mlango wa nyuma wa kushoto haufungwi ila kwa kuupiga, na asubuhi moja uliwahi kufunguka pale Tiwi, makuti aliyoyajaza hata kwenye viti yakamwagika njia nzima, akayaokota peke yake na hakunisimulia. Nikamuuliza mbona hakunisimulia. Akasema nilikuwa nasahihisha madaftari ya maabara siku hiyo, nilikuwa nimechoka. Akasema redieta alikuwa akiiongeza maji kila Jumamosi. Akasema taa moja ya mbele ilikuwa ya gari jingine kabisa.

Alisema, na alipomaliza moja akakumbuka nyingine. Mimi nilikuwa nauliza, naye anajibu. Sikumbuki mara ya mwisho tulipozungumza mfululizo hivyo. Nilicheka kwa ile taa. Nilikasirika kwa breki ya mkono, nikamwambia nimekuwa nikimwegesha Mama yangu mlimani juu ya breki isiyoshika, akasema, "Hilo ndilo nililotaka kukwambia Jumapili ile," na nikanyamaza mimi safari hii.

"Niwie radhi kwa Jumapili," nikasema baadaye.

"Usijali."

"Hapana, usiseme usijali. Sema ulichohisi."

Alitazama nje. Mashamba ya miwa yalikuwa yanapita, yamelowa, kijani mpaka kinaumiza macho. "Niliona aibu," akasema. "Nilirudi kwa miguu mpaka kwenye njia ya lami. Nikajiambia atanipigia simu gari likikataa. Nikawa nangojea gari likatae." Akaigeuza kofia mapajani. "Sikujua Mama atafika kwenye hali ile. Wallahi sikujua."

Nikaingiza gia ya tatu, nikaingojea.

Kwenye njia panda ya kwenda Chale nikasimama. Alimgeukia Mama, akamwona amelala, akashuka taratibu. Alisimama na mkono juu ya mlango, manyunyu yanamlowesha kofia, kama mtu aliyesahau kitu.

"Umemaliza?" nikamuuliza. "Hakuna jingine?"

Alifikiri. Hamisi akifikiri, unaweza kuchemsha maji.

"Ya gari," akasema, "nimemaliza."

Akafunga mlango, akavuka barabara.

Nilipaswa kuuliza. Kulikuwa na lori nyuma yangu linapiga honi, Mama alikuwa ameamka anaomba tone la maji, na njia ya kupanda Kwale ilikuwa bado mbele. Hizo ni sababu. Nimezitafuta njiani nikazipanga vizuri. Ukweli ni kwamba niliogopa, na sijui niliogopa atasema nini, au niliogopa hatasema kitu.

Mama amekula uji, anahema vizuri, miguu imepungua. Ananitazama kutoka kitandani na haulizi lolote, ila mara mbili ametabasamu ukutani.

Namba ya Hamisi ninayo. Sikuwahi kuifuta, nilibadilisha jina tu, nikaandika "Fundi Makuti." Nikimpigia, nitasema nini? Kwamba nataka kusikia yale yasiyo ya gari? Na akiyasema, nitaweza kukaa nayo?

Jumanne tunakwenda tena Msambweni. Kabla ya Jumanne nitampigia. Nimeandika hapa ili nisije nikajiambia sikuwahi kusema.